Ile Nne Nyekundu

Kabla sijafika mbali, lishikeni jambo moja: mimi nilichora nne. Nilichora sifuri mpaka tisa, seti mbili, kijani kwa wenyeji na nyekundu kwa wageni, na kila namba ilikauka siku mbili nzima ndipo nikaikabidhi. Kama mji huu una fundi mwingine ambaye maandishi yake yanasomeka kutoka ng'ambo ya barabara bila mtu kukunja uso, mleteni nimwone. Kibao cha duka la dawa ni mkono wangu. Cha gereji, mkono wangu. Hata kile cha "Usikojoe Hapa" pale ukutani ni changu, na kama watu hawakukitii, kosa si la maandishi.

Pamoja na ufundi wote huo, kwa miaka ishirini na sita mtaa mzima unaniita Bila Nne. Na nyinyi wapwa zangu mmo, msijifiche. Mnafikiri mkiniita hivyo chinichini huku mnakunywa chai yangu sisikii. Nasikia. Masikio yangu ni mazima kuliko akili zenu.

Basi leo nawaandikia habari za mtu aliyenisababishia jina hilo. Simchongei. Mwenyewe ameniruhusu, ila ameniomba niandike kwa adabu. Nimemwambia nitajitahidi.

Huyo ni Bwana Ubao. Siku za kazi alikuwa mtunza stoo pale karakana ya mabasi, na timu yetu, Karakana, ilikuwa ya hapo hapo. Mwenye macho aliyepita kwenye dirisha la stoo ile aliona vitu vimepangwa mpaka vinatia aibu: misumari kwa urefu, bolti kwa unene, mafagio yamesimama kama askari. Ukitaka bolti mpya, ulete ya zamani. Ukimwambia ya zamani imepotea, anakutazama kwa upole na kusema, "Basi na mpya imepotea." Hata meneja wa karakana aliwahi kurudishwa dirishani akatafute kipande cha mnyororo alichokitupa.

Siku ya mechi alikuwa mtu wa ubao wa matokeo. Ubao wenyewe ulikuwa juu ya ukuta wa uwanja, upande unaotazamana na hospitali, na nyuma yake kijichumba cha mbao chenye ngazi, kiti kimoja na misumari ya kutundikia namba. Namba zilikuwa za bati, kila moja urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, na tundu juu. Goli likiingia, anatoa bati la zamani, anatundika jipya, anarudi kukaa. Mechi aliitazama kwa upenyo mdogo kati ya neno WENYEJI na neno WAGENI. Na pale alikuwa anapanda na viatu vimepigwa rangi na shati limepigwa pasi. Nilimwuliza siku moja, "Unampendezea nani huku nyuma, popo?" Akanijibu, "Kazi."

Mara moja tu alikosea. Alitundika goli ambalo refa alilikataa, mfungaji alikuwa ameotea. Bati lilikaa pale labda kwa muda wa kupiga chafya mbili. Jumatatu yake akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya timu pinzani na barua ya kuomba radhi, imeandikwa kwa wino na kupigwa mstari chini. Waliicheka mwaka mzima. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Mama yake ndiye aliyekuwa Mama Jezi. Alifulia timu miaka ishirini, kwa mikono, kwenye mabeseni uani kwake. Ukipita Jumatatu asubuhi unaikuta Karakana yote imeanikwa kwenye kamba, kuanzia namba moja mpaka kumi na moja kwa mpangilio, vichwa chini, inachuruzika maji. Tulikuwa tunasimama uzioni tunaisalimia. "Namba saba, ulicheza vibaya jana," unaiambia jezi, na Mama Jezi anakujibu kutoka ndani, "Mwache apumzike, amechoka." Golikipa ndiye ambaye Mama Jezi alimpenda kupita wote, kwa sababu jezi yake ilirudi kila wiki imechanika viwiko, na kila wiki aliishona. Alimwita mwanangu mwingine. Yule kijana alikuwa hana mama, na jina hilo lilimkaa.

Sasa tuingie kwenye msiba wenyewe.

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya tarehe ya mechi ile, sisi tuliokuwepo tunakutana kwa Kinyozi mchana. Tulianza tukiwa thelathini na kitu. Sasa tuko wanane, tisa, na Kinyozi hana tena nywele nyingi za kukata vichwani mwetu. Hatuna kaseti wala video. Mechi tunaicheza kwa mdomo, dakika kwa dakika, na kila mtu ana dakika zake anazozisimulia. Huruhusiwi kuruka wala kuingilia dakika ya mwenzako. Mimi nina ya kumi na mbili, shuti la winga wetu lililogonga mwamba, na ninavyoisimulia, samahani kwa wengine, mwamba unausikia.

Ilikuwa mechi ya mchujo, marudiano. Anayeshinda kwa jumla ya mabao anapanda ligi kuu. Mechi ya kwanza tuliwafunga kwao tatu bila. Tatu bila, kwao, mbele ya mashabiki wao. Na kanuni ilisema jumla ikiwa sare, anapanda aliyemaliza juu kwenye msimamo, na aliyemaliza juu ni sisi. Kwa hiyo wageni walitakiwa kutufunga manne nyumbani kwetu ili wapande wao. Manne. Kocha wetu alishashonesha suti. Mwenyekiti alishanikodi nipake neno LIGI KUU ubavuni mwa basi, na nilishapaka LIGI.

Mpaka mapumziko ilikuwa sifuri kwa sifuri. Dakika ya hamsini na nane wakapata la kwanza, tukasema la kufutia machozi. Dakika ya sabini la pili, kwa kichwa, na beki wetu wa kati akiangalia kama anaangalia ndege angani. Dakika ya themanini na moja la tatu. Hapo hata waliokuwa wanauza maji wakaacha kuuza. Hata hivyo tulikuwa bado tumepanda. Tatu kwa tatu, msimamo unatubeba.

Mwenzetu Mwalimu anayo dakika ya themanini na nane, na huisimulia kama anasoma hati ya mahakama. Dakika ya themanini na tisa haina mwenyewe. Golikipa, ambaye siku hizi ni mzee wa kitambi na anatengeneza pampu za maji, anasimama anasema anakwenda kupiga simu. Kinyozi anawasha mashine yake hata kama kitini hakuna mtu, ili kuwe na kelele. Kila mmoja anaangalia kiatu chake. Ilikuwa shuti dogo, mpira wa kudokoa, mtoto angeudaka. Ulimpita katikati ya miguu.

Sasa sikieni kuhusu ubao. Goli la nne liliingia na ubao ukabaki kwenye tatu. Filimbi ya mwisho ikapigwa, wageni wanaviringishana kwenye nyasi, na ubao unasema tatu. Mwenyekiti akaenda mpaka chini ya ngazi, akaita. "Mbona umeganda?"

Bwana Ubao akachungulia. "Nne haipo."

"Haipo vipi?"

"Nyekundu haipo. Sijaiona kwenye seti."

"Si utumie ya kijani?"

"Ya kijani ni ya wenyeji. Siwezi kuwapa wageni namba yetu."

Kwa mtu mwingine mngesema ni uongo. Kwa yule aliyemrudisha meneja dirishani, kila mtu aliamini papo hapo. Macho yote yakanigeukia mimi, mchoraji. Nikaapa kwamba nilichora. Wakasema ilete. Nikapanda mwenyewe kule kijichumbani, nikapekua, nikakuta tatu iliyotundikwa, nikakuta tano, sita, mpaka tisa. Nne hamna. Ndipo Mwalimu, machozi bado mashavuni, akasema, "Mnamlaumu bure. Huyu shule aliachia darasa la tatu. La nne angelijuaje?"

Watu elfu tatu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Nawaambia ukweli, kicheko kile kiliwasaidia kutoka uwanjani kwa miguu yao. Ila kilinipanda mimi mgongoni, na hakijashuka. Ni kweli niliachia darasa la tatu, sikatai, lakini namba nazijua mpaka zile ambazo Mwalimu mwenyewe akiziona anavaa miwani. Mbaya zaidi, miaka ilivyozidi nikaanza kujitilia shaka. Nikilala chali mchana najiuliza, hivi kweli niliichora? Mkono unasema ndiyo. Watu mia wanasema hapana. Mkono mmoja ukibishana na watu mia, hata wenyewe unaanza kutetemeka.

Mama Jezi naye alifariki siku tisa baada ya mechi. Alikuwa amelazwa mwezi mzima kwenye hospitali ile inayotazamana na ubao, ghorofa ya tatu. Tulimzika kwa heshima, Golikipa akiwa mmoja wa waliobeba. Baada ya hapo likatokea jambo ambalo mtaa mzima ulilishangaa: Bwana Ubao akaanza kufua jezi. Mtu mzima, mtunza stoo, kila Jumatatu kabla ya kazi, kwenye mabeseni yale yale. Timu ilishuka daraja, ikashuka tena, mpaka ikawa inacheza na timu za vijana wa mitaani, lakini jezi zake zilikuwa safi kuliko za ligi kuu. Nilimtania, "Mnafungwa mkiwa mnanukia." Alicheka kidogo akaendelea kusuuza.

Miaka ishirini na sita ikapita hivyo. Mwaka huu, wiki moja kabla ya Jumapili yetu, mke wake akaja dukani kwangu na picha imefungwa kwenye shuka. Siku hizi nakata vioo na kutengeneza fremu pia, na kama mnajua mtu anayekata kioo kwa mkono bila kukisaga ukingoni, mleteni naye.

"Shemeji," akasema, "mjukuu kapiga mpira ndani, kioo cha mama mkwe kimepasuka. Baba yao yuko uwanjani na mafundi wanaofunga ubao mpya wa umeme. Nataka akirudi akute pameshapona."

"Acha hapo, kaa unywe soda. Nusu saa tu."

"Sina nafasi ya soda. Nusu saa yako naijua, nitarudi kesho."

Ilikuwa ile picha kubwa ya Mama Jezi iliyokuzwa, ameshika beseni na anacheka. Nikaiinua nikashangaa uzito. Fremu ya mbao laini haiwezi kuwa nzito namna ile. Nikaigeuza, nikang'oa vijisumari, nikaondoa karatasi ya kaki. Nyuma ya picha, badala ya ubao mwembamba, palikuwa na bati. Lina tundu juu. Nikaligeuza.

Nne. Nyekundu, na kile kisigino ninachokiweka mimi peke yangu chini ya nne, hakuna fundi mwingine anayekiweka.

Nilikaa chini. Kisha nikasimama nikalipeleka mlangoni penye mwanga, nikalitazama tena. Rangi haikuwa imebanduka hata punje. Sitawaficha, nilicheka peke yangu kama mwehu, na mteja aliyekuja kuulizia kioo cha meza akaghairi akaondoka.

Sikungoja kesho. Nililifunga kwenye shuka nikaenda mpaka kwa Bwana Ubao. Nilimkuta uani amesharudi, anageuza jezi ndani nje kabla ya kuanika. Nikalifunua bila salamu.

Alitazama bati, akanitazama, akafuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

"Umefungua fremu," akasema.

"Mkeo kaileta. Kioo kimepasuka. Ndugu yangu, miaka ishirini na sita."

"Najua ni mingapi."

"Unajua? Mimi watoto wa shule wananionyesha nne kwa vidole nikipita. Unajua?"

Akakaa kwenye ukingo wa beseni lililopinduliwa. Akaanza kueleza polepole, kama anayekabidhi stoo kwa mwenzake.

Kutoka dirisha la wodi ya mama yake, uwanja ulikuwa hauonekani. Ukuta uliukata. Kilichoonekana ni ubao tu. Mama aliomba kitanda chake kisogezwe pale, na siku ile alikuwa anasoma mechi kwa namba anazotundika mwanawe. Walikubaliana asubuhi: usinidanganye, nitakuwa nakuona. Goli la tatu alilitundika. La nne lilipoingia, alilichukua bati, akasimama nalo.

"Nisingelitundika, ningekuwa nimeacha kazi," akasema. "Ningelitundika, ningekuwa nimemwambia mimi. Kwa mkono wangu."

"Ukafanyaje?"

"Nililitundika. Nyuma ya tatu. Msumari mmoja, mabati mawili. Ubao ulikuwa na nne, bwana. Wewe mwenyewe ulipanda, ila hukuinua tatu."

Nikamwuliza mama alisemaje. Akasema jioni ile alimkuta amekaa kitini, yeye ambaye wiki nzima alikuwa hainuki. Aliuliza jambo moja tu: mbona uwanja ulikuwa kimya baada ya filimbi? "Nikamwambia watu walikuwa wanalia kwa furaha. Akaniambia, wajinga hao, wanalia jezi zitachafuka. Siku zile tisa alikuwa ananifundisha. Za ligi kuu zigeuzwe ndani nje, namba zisipasuke juani. Ya Golikipa itiwe kitambaa mara mbili kwenye viwiko, kule wanapiga mashuti makali. Nikaahidi. Basi nikawa nafua."

"Na hili bati ukaliweka nyuma yake."

"Limempa mgongo. Halioni."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, wapwa zangu. Nilikuwa nimeyapanga njiani, mengine mabaya. Yote yalinipotea. Nikabaki nashika jezi mbichi bila kujua ninaishikia nini.

"Lichukue," akasema. "Jumapili uwaonyeshe. Ni haki yako. Namwogopa mmoja tu."

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Yule wa pampu.

Sasa niliwaambia nitasema ukweli, basi huu hapa: usiku nilikusudia kwenda nalo, asubuhi nikakusudia kulirudisha kwenye fremu. Nilikata kioo kipya, nikaweka ubao mwembamba nyuma ya picha, nikamrudishia shemeji. Bati likabaki dukani limeegemea ukuta, linanitazama. Jumapili nikaenda kwa Kinyozi mikono mitupu. Nilikuwa nimeshaamua niendelee kuwa Bila Nne. Jina lenyewe lilishanizoea.

Mechi ikachezwa. Mwamba wangu wa dakika ya kumi na mbili ukagongwa vizuri. Bwana Ubao alikuwa kwenye benchi la nyuma, viatu vimepigwa rangi. Mwalimu akamaliza themanini na nane. Golikipa akasimama aende kupiga simu. Kinyozi akanyoosha mkono kwenye mashine.

"Usiwashe," akasema Bwana Ubao. "Na wewe, Golikipa, kaa. Hii dakika ni yangu."

Akatoa kitu chini ya benchi, kimefungwa kwa shuka. Mke wangu alikuwa amempa alipopita dukani asubuhi, alimwambia nimemtuma. Mtu ambaye aliandika barua kwa ajili ya goli la kuotea, alimdanganya mke wangu bila kupepesa. Akalifunua bati, akaliweka kwenye kiti cha kunyolea mahali mteja anapokaa, likajitazama kwenye kioo. Kisha akasimulia dakika ya themanini na tisa, yote, kama alivyonisimulia mimi, mpaka kwenye viwiko vya kushona mara mbili.

Nilikuwa namtazama Golikipa. Alikuwa amesimama bado, simu mkononi, mdomo umelegea.

"Mama hakujua?" akauliza.

"Hakujua."

"Kwamba nilifungwa lile?"

"Kwake hukufungwa. Alikufa unacheza ligi kuu."

Golikipa akakaa. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Kwa hiyo yuko mmoja ambaye sikumwangusha." Halafu akamgeukia Bwana Ubao. "Na ungeniambia mapema, bwana. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea kila siku, kule kaburini. Kila mara nilikuwa namwomba radhi. Atakuwa anashangaa, huyu anaomba radhi ya nini."

Hapo ndipo tulipocheka, kicheko kile kile cha siku ile, kinachotoka pamoja na kamasi. Kinyozi alilazimika kugawa taulo zake.

Mimi nikaona zamu yangu imefika. Nikasimama, nikakohoa, nikaliweka shati sawa. Miaka ishirini na sita nilikuwa nimeingoja hotuba ile. Nikamgeukia Mwalimu nikamwonyesha kiti.

"Mwalimu, soma."

Mwalimu akavaa miwani. Akaenda mpaka kwenye kiti, akainama, akaitazama nne yangu kwa muda mrefu, juu mpaka chini, akagusa kile kisigino kwa kidole.

"Kumbe kweli alichora," akawaambia wenzake. Kisha akanigeukia. "Lakini bwana, hii ndiyo nne? Mama Jezi hata ingetundikwa angedhani ni tisa imevunjika mguu."

Toka siku hiyo wananiita Kisigino.